Dawa na Dawa: Kijana Mwenye Maradhi Mawili

Lugha yetu ya Kiswahili ina mali nyingi, walakini, kama ilivyo nyumba ya tajiri, mna vyumba ambavyo havijafagiliwa siku nyingi. Chumba kimojawapo ni kile tunachowekea maneno ya maradhi ya akili. Mtu akiumwa na tumbo, tunalo la kusema. Akishikwa na malaria, tunayo maneno ya homa yake, ya baridi yake na ya jasho lake. Lakini kijana akianza kusikia sauti asizosikia mtu mwingine, na huku twajua kwamba alikuwa akivuta bangi, tunashika neno la kwanza linalotujia mdomoni: kichaa, mwenda wazimu, chizi, mvuta bangi. Neno hilo likishatamkwa, kijana huyo huwa amekwisha pangiwa njia ya kupita, nayo aghalabu si njia ya kwenda hospitali.

Tunayaandika haya kutoka Kamembe, mji mkuu wa wilaya ya Rusizi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu. Mto Rusizi hutoka hapa katika Ziwa Kivu ukashuka kusini kupita bonde la Bugarama mpaka Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Watu wa pande zote mbili wamezoea kuvuka daraja kwa nyanya na samaki, kwa vitenge, kwa masomo, kwa ndoa na kwa misiba. Kwa hiyo Kiswahili cha kwetu hakikuletwa na vitabu. Kilikuja kwa miguu, kikiwa na kikapu kichwani, kikakaa pamoja na Kinyarwanda na Mashi. Tangu mwaka 1994 mpaka leo kimebeba mengi, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda. Sisi tunaokifundisha twafurahi kwa heshima hiyo. Lakini lugha rasmi haina budi kuweza kusema mambo mazito ya raia wake, wala si hotuba na barua za ofisini peke yake.

Miongoni mwa mambo mazito ya mahali petu ni vilevi vya vijana. Bangi, ambayo Wanyarwanda huiita urumogi, hupatikana kwa siri. Kanyanga, pombe kali ya magendo, hupatikana kwa siri ndogo zaidi. Pombe ya kawaida haifichwi kabisa. Utafiti juu ya vijana wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikwisha kutumia kilevi cha namna fulani angalau mara moja, na pombe ndiyo iliyotangulia vyote. Kwa Kinyarwanda vitu hivi vyaitwa ibiyobyabwenge, yaani vitu vinavyoipoteza akili njia. Hebu tulilinganishe neno hilo na la kwetu. Sisi twasema "dawa za kulevya". Mnyarwanda ametaja madhara. Mswahili ametaja dawa. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini baadaye tutaona jinsi ilivyomtaabisha mama mmoja.

Kijana tunayetaka kumzungumzia alikuwa mwanafunzi wetu wa sekondari. Jina lake na mtaa wake hatutavitaja, na mambo madogo madogo tumeyageuza ili asitambulikane. Alikuwa na miaka kumi na minane, hodari wa methali na mwepisi wa kuandika. Mwalimu wa lugha ana bahati moja asiyokuwa nayo mwalimu wa hesabu: husoma nafsi za wanafunzi wake katika daftari kabla nafsi hizo hazijajieleza kwa njia nyingine. Tuliwapa darasa insha juu ya soko la kwetu. Yake ilianza vizuri, na wachuuzi, na mizani, na kelele za wapagazi. Katika aya ya tatu wachuuzi wote walikuwa wakimtazama yeye. Katika aya ya nne wapagazi wa darajani walikuwa wamebeba habari zake ndani ya magunia, wakizipeleka ng'ambo. Kisha methali moja ikaandikwa mara saba, mstari chini ya mstari, na pambizo zikajaa herufi ndogo zilizobanana. Ilikuwa kama kumsikia mtu akiita kutoka chumba cha ndani.

Miezi iliyotangulia alikuwa amepunguza usingizi, ameacha mpira, amehamia katika kikundi cha vijana waliokuwa wakikaa jioni upande wa ziwani na kuvuta bangi. Baada ya insha ile hazikupita wiki mbili akaacha kuoga, akawa anacheka peke yake, na usiku akawa anaziba nyufa za dirisha kwa karatasi ili sauti zisiingie.

Ukoo ulikutana. Baba yake mdogo alisema, hii ni bangi tu, apelekwe Iwawa akanyooshwe. Iwawa ni kisiwa katika Ziwa Kivu ambako tangu mwaka 2010 kuna kituo cha kuwarekebisha vijana wazururaji na watumiaji wa vilevi na kuwafundisha kazi za mikono. Bibi yake alisema ni abazimu, wazee waliosahauliwa ambao wanadai haki yao. Jirani akanong'ona kwamba amerogwa na watu wa ng'ambo, kwa maana kila upande wa mto huamini kwamba uchawi watoka upande wa pili. Mama alisikiliza wote, akampeleka kwanza katika maombi, na kijana akakaa humo siku tisa. Sisi tulipoulizwa tulijibu kwamba mwalimu si daktari, ila tuko tayari kufuatana nao kwenda kwa daktari.

Pale tulipofika mara ya kwanza, mahali ambapo hatutapataja, tulipokewa kwa adabu na kujibiwa kwa sentensi moja: aache kwanza bangi, ndipo arudi atibiwe. Jibu hilo lina sura ya hekima. Nani ataweza kukausha sakafu ilhali bomba linavuja? Walakini kijana yule hakuweza kuacha. Alikuwa akivuta ili sauti zipungue, na bangi ilipozidisha sauti badala ya kuzipunguza, akaongeza kanyanga ili alale. Akakaa nyumbani wiki tano, akingojewa apone ugonjwa mmoja ili astahili kutibiwa wa pili. Katika wiki hizo alivunja mlango, akampiga mdogo wake, na usiku mmoja akakutwa akitembea katika barabara ya malori akiwa hana viatu.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kuwaambia wenzetu. Kijana mwenye maradhi mawili ni mtu mmoja. Hawezi kugawanywa nusu apelekwe huku na nusu apelekwe kule, wala haifai kuambiwa aponye nusu moja kwa nguvu zake mwenyewe ndipo nusu ya pili ishughulikiwe. Hapana budi atibiwe yote mawili, kwa wakati mmoja, na watu wale wale, na mapema.

Tueleze kidogo ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita saikosisi. Ni hali ambamo mtu hupoteza mpaka ulioko kati ya yaliyomo kichwani mwake na yaliyoko nje. Husikia sauti ambazo hazina msemaji, huamini mambo ambayo hoja yoyote haiwezi kuyang'oa, na mawazo yake hukatika kama uzi mbovu. Mara nyingi huanza katika umri wa kati ya miaka kumi na mitano na thelathini, yaani umri ule ule ambao vijana huanza pombe na bangi. Kwa hiyo maradhi haya mawili hukutana mlangoni, nao walioko nyumbani hushindwa kujua lipi limemleta mwenzake.

Je, bangi huleta wazimu? Yafaa mwalimu alijibu swali hili kwa uangalifu, maana tukitia chumvi vijana watatucheka, na tukinyamaza tutakuwa tumewadhulumu. Wengi wanaovuta hawapatwi na saikosisi, na wengi wenye saikosisi hawakuvuta kamwe. Walakini ushahidi umekusanyika miaka mingi. Nchini Sweden, vijana 45,570 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka kumi na mitano, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: wale waliosema kwamba wamekwisha kutumia bangi zaidi ya mara hamsini walipatwa na skizofrenia mara sita kuliko wasiotumia. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya na huko Brazil, ulionyesha kwamba mwenye kuvuta kila siku yumo katika hatari ya mara tatu hivi, na kama bangi yenyewe ni kali, karibu mara tano. Basi bangi ni kama upepo juu ya jiko. Nyumba isiyo na moto haiunguzwi na upepo. Lakini sisi hatujui ni nyumba gani iliyo na kaa chini ya majivu, wala kijana mwenyewe hajui.

Na swali la pili, ambalo watu hawaliulizi sana, ni hili: kwa nini mgonjwa aendelee kuvuta ilhali yamdhuru? Tulimsikia muuguzi wa maradhi ya akili akimwuliza kijana yule swali hilo, siku ambayo hatimaye tulimfikisha katika hospitali yenye kitengo cha maradhi hayo. Hakumwuliza kwa ukali. Alisema, "Kijana wangu, bangi inakupa nini?" Kijana alinyamaza muda mrefu, tukadhani hakusikia. Kisha akasema kwamba ikimwingia, kwa dakika chache anakuwa kama watu wengine. Na kwamba wale vijana wa ziwani ndio watu pekee ambao bado wanamwita kwa jina lake. Ndipo muuguzi akauliza, "Na inakunyima nini?" Akajibu, "Usingizi. Na mama ananiogopa."

Mazungumzo ya namna hiyo yana historia yake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye William Miller aliandika juu ya njia ya kuzungumza na walevi bila ya kuwasuta, akimwacha mtu azitamke mwenyewe sababu zake za kubadilika. Wengi wameiendeleza njia hiyo tangu wakati huo. Mtu akisutwa hujitetea, na akijitetea hukaza kamba iliyomfunga. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kuandikwa vitabuni, ndiyo maana mshenga mwema haanzi kwa kutaja mahari.

Alipewa dawa kwa kiasi kidogo, kikaongezwa polepole. Muuguzi alieleza mbele yetu sote madhara ambayo huenda yakatokea: shingo kukakamaa, mikono kutetemeka, miguu kukosa utulivu, usingizi mzito. Alisema, "Ukiona haya usiitupe dawa, njoo uniambie, tutapunguza au tutabadilisha." Maneno hayo machache yana thamani kubwa. Kijana asiyeambiwa huona dawa ya hospitali yamkakamaza na bangi yamlegeza, naye huchagua kama ambavyo mtu yeyote angechagua. Kuhusu kanyanga alituonya jambo ambalo wengi hatulijui. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku akizuiwa kwa ghafla aweza kushikwa na degedege, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kufa. Basi desturi ya kumfungia mlevi chumbani mpaka "imtoke" ni desturi ya hatari. Mtu huyo huachishwa akiwa chini ya uangalizi wa wauguzi.

Siku ile, tulipotoka nje, ndipo mama alipotuuliza swali lililotufanya tuandike makala haya. Alisema, "Mwalimu, wamesema mtoto aache dawa, kisha wamempa dawa. Aache ipi, anywe ipi?"

Tusimcheke mama huyu. Kosa si lake, ni la neno. Katika Kiswahili chetu kinachoponya ni dawa, na kinacholevya ni dawa, na kinachoua panya ni dawa, na alichonacho mganga mfukoni ni dawa. Mtoto wake alikuwa anaambiwa aache dawa moja kwa sababu yaharibu akili, na ameze nyingine kwa sababu yaitengeneza akili, na zote mbili humlaza. Asipotofautishiwa, ataona kwamba hospitali yamtoa mwanawe katika utumwa mmoja na kumtia katika utumwa mwingine. Tumekutana na wazazi walioficha vidonge kwa kuogopa kwamba mtoto "atavizoea" kama bangi. Dawa za saikosisi hazimfanyi mtu azitamani wala azitafute usiku. Lakini mzazi atalijuaje hilo, ilhali lugha yenyewe imevitia vyote katika kapu moja? Sisi tangu siku ile twasema "vilevi" kwa vile vinavyolevya, na neno "dawa" tumeliachia linaloponya. Si uvumbuzi mkubwa. Walakini mama yule alielewa papo hapo.

Neno "wazimu" nalo lina mambo yake. Mzimu na wazimu wa Kiswahili ni ndugu wa umuzimu na abazimu wa Kinyarwanda. Bibi yake kijana aliposema abazimu hakuwa akisema upuuzi. Alikuwa akisema kile ambacho lugha zetu zote mbili zimehifadhi, kwamba mwenye kuugua hivi ameingiliwa na kitu kisicho yeye. Hatukubishana naye. Mwuguzi alimwuliza tu kama abazimu wangekasirika mjukuu wao akimeza vidonge. Bibi alifikiri, akasema hawana sababu ya kukasirika. Akawa yeye ndiye wa kumkumbusha vidonge kila jioni, baada ya chakula.

Nchi hii ina sababu ya kujua kwamba neno jema laweza kufungua mlango. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu walipatwa na hali ambayo haikuwa na jina la kawaida: walilia, walikimbia, waliona tena yaliyokwisha pita. Wanyarwanda hawakukopa jina. Walichukua ihahamuka kutoka katika lugha yao wenyewe, neno lenye maana ya kukatikiwa na pumzi kwa hofu kuu. Kwa kuwa neno hilo halikuwa tusi, mtu aliweza kusema mbele za watu, "nimehahamuka," naye akasaidiwa. Kijana mwenye saikosisi na bangi bado hana neno la namna hiyo. Yaliyopo yote yamwaibisha.

Na aibu hiyo hupewa nguvu na hofu. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa na adhabu ni kali: mwenye kuuza vilevi vilivyohesabiwa kuwa vikali mno, na bangi imo, aweza kufungwa maisha, na mtumiaji naye ana adhabu yake. Hatuandiki ili kubishana na sheria. Wauzaji wanaowawinda watoto wetu hatuwatetei. Twasema tu kwamba mzazi anayeogopa kumtaja mwanawe mbele ya daktari humpeleka akiwa amechelewa, au hampeleki kabisa, na kuchelewa kuna gharama. Tangu miaka ya 1990, pale Melbourne nchini Australia walipoanzisha huduma maalumu ya vijana wanaougua kwa mara ya kwanza, imeonekana katika nchi nyingi kwamba muda mrefu wa kukaa bila ya matibabu huambatana na kupona kidogo.

Lazima tuseme ukweli wote. Njia ya kutibu maradhi mawili kwa pamoja si muujiza. Nchini Uingereza, watu 327 wenye saikosisi na vilevi walijaribiwa kwa mazungumzo ya muda mrefu, na matokeo yakatolewa mwaka 2010: walipunguza kiasi cha vilevi, lakini kulazwa kwao hospitalini hakukupungua. Mwaka 2019, huko huko Uingereza, vijana 551 walihusika katika jaribio la kuwapa zawadi za kununulia vitu wale walioacha bangi. Zawadi hazikuwazuia kulazwa tena. Basi asitokee mtu kutuuzia njia moja kuwa ndiyo ufunguo. Walakini jambo moja limesimama imara: kwa jumla, wale wanaoacha bangi baada ya kuugua mara ya kwanza hurudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko wanaoendelea. Kwa hiyo kila mwezi wa kuacha ni faida, hata kama mwezi unaofuata kijana atateleza. Akiteleza asifukuzwe. Mgonjwa wa kisukari akila sukari hatumwambii asirudi kliniki.

Matibabu haya yanawezekana mahali kama petu? Yanawezekana kuliko zamani. Hospitali ya maradhi ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1972, nayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo tegemeo la nchi nzima. Mwezi wa Aprili 1994 watu waliokimbilia humo waliuawa. Hospitali ikasimama tena baadaye. Mwaka 1995 serikali ilitoa sera ya kuyaingiza matibabu haya katika hospitali za kawaida, na leo hospitali za wilaya zina wauguzi wa fani hiyo. Tofauti yake kwa mtu wa Rusizi si ndogo. Kutoka hapa mpaka Ndera ni zaidi ya kilomita 200, kuupita msitu wa Nyungwe, pamoja na kijana ambaye huenda akaamini kwamba dereva amekula njama dhidi yake. Ng'ambo, Bukavu, nako kuna hospitali ya maradhi ya akili iitwayo SOSAME, ya mabruda hao hao. Lakini mpaka ni mpaka, nao ulipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona tuliona wote kwamba afya haifai kutegemea daraja. Muuguzi aliye karibu, anayekijua Kinyarwanda na Kiswahili cha mgonjwa, na ambaye bibi aweza kumfikia kwa miguu, anafaa kuliko bingwa aliye mbali.

Wala Afrika haikungoja kufundishwa umuhimu wa jamaa. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wake katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake, wakilima mchana na kutibiwa. Aliona kwamba mgonjwa anayekaa na watu wake hupona huku akiwa bado ni mtu wa watu. Kijana wetu hakuhitaji kijiji kipya. Alihitaji watu wengine wa kumwita kwa jina lake, ili wale wa ziwani wasiwe peke yao.

Sasa imepita miaka miwili. Kijana yule hakurudi darasani pamoja na wenzake. Alirudi mwaka uliofuata, akafanya mtihani, akafaulu kwa kiasi. Hupata sindano moja kila mwezi badala ya vidonge. Aliacha bangi miezi saba, akarudia, akalazwa siku kumi na mbili, akaacha tena. Kanyanga hajaigusa. Sauti hazijakwisha kabisa, bali asema zimekuwa kama redio ya jirani: yasikika, lakini si lazima kuijibu. Siku za soko humsaidia mjomba wake kupima mchele. Hatuwezi kuahidi kwamba hatarudia. Mama yake naye hawezi, na usiku bado huamka kusikiliza kama mlango umefunguliwa.

Tunawaomba walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, daftari zisomwe kwa jicho la pili: mwanafunzi aliyekuwa akiandika sawa, kisha sentensi zake zikavunjika na ulimwengu wote ukaanza kumtazama, asihesabiwe kuwa mvivu tu, aulizwe kwa faragha kama analala. Pili, tufuatane na wazazi mpaka hospitali, na pale watakapoambiwa kwamba mtoto aache kwanza vilevi ndipo arudi, tuwasaidie kutafuta mlango mwingine siku ile ile. Tatu, dawati lake libaki lake. Kijana anayejua kwamba ana mahali pa kurudi ana sababu moja zaidi ya kumeza vidonge.

Na kwa kuwa haya ni majarida ya wapenzi wa lugha, tunaongeza ombi la nne. Tunatafuta neno la Kiswahili la kumwitia mgonjwa huyu, neno ambalo mama aweza kulitamka katika foleni ya hospitali bila ya kuinamisha kichwa. Sisi huku twasema "aliyepotewa na usingizi", kwa sababu ndivyo inavyoanza. Lakini twajua kwamba halitoshi. Wenzetu wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma na wa pwani, kama mnalo neno hilo kwenu, tafadhali mtuletee.